Kisu cha Kukunja

Muuzaji wa Kariakoo alikifungua taratibu ili nisikie kinavyolia, kra, kra, kra, kisha akakiweka kwenye kiganja changu. "Hiki ndicho kisu cha asili, dada. Babu yako alikuwa nacho." Alitaka shilingi 15,000. Nikamshusha hadi 11,000, nikaondoka nimefurahi. Mjomba wangu wa Nyamisati alikuwa hajapata zawadi yoyote kutoka kwangu tangu nianze shahada ya uzamili, na kisu cha asili kilionekana ndicho hasa kitu ambacho msomi angempelekea mvuvi.

Nikieleze kwanza kama nilivyokiona siku ile, kabla mtu anayejua visu hajakishika. Mpini ni wa mti mwekundu, umepinda kidogo kama ndizi. Umepachikwa vipande vya bati: mwezi mwandamo mmoja na nyota tatu. Bapa ni refu kidogo kuliko kidole changu cha kati, na linachongoka kuelekea ncha. Mgongoni kuna springi na pete ndogo. Ukivuta pete, springi inanyanyuka na kisu kinakubali kufungwa. Usipoivuta, kinagoma. Ile kra, kra inatoka kwenye meno yaliyochongwa shinani mwa bapa, yanapopita chini ya springi moja baada ya jingine. Ni sauti nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele nitakuwa mkali.

Ukoo wa kisu hiki unajulikana. Mama wa mtindo wenyewe ni Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Kimepewa jina la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka 1901 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Changu si Okapi. Ni kitukuu kisicho na cheti, na jina lililogongwa kwenye bapa lake nitalihifadhi.

Kwa hiyo "babu yako alikuwa nacho" inawezekana kabisa. Neno "asili" ndilo lililonikaa kooni. Mwaka 1902 pwani hii ilikuwa chini ya Mjerumani. Miaka mitatu baadaye, Julai 1905, watu wa Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza; mwezi uliofuata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, ng'ambo ya kusini ya Mto Rufiji. Kisu cha kukunja na kitanzi cha Mohoro vililetwa na utawala mmoja. Wafaransa nao walikuwa na chao: Douk-Douk, kilichoanza kutengenezwa Thiers mwaka 1929, kikachorwa mzimu wa Melanesia ili kiwavutie wanunuzi wa visiwa vya Pasifiki, na hatimaye kikapendwa zaidi Algeria. Nadhani mwezi na nyota kwenye mpini wangu vina kazi ileile. Kiwanda kinachora kile kinachodhani mteja anakipenda, halafu mjukuu wa mteja anakiita asili.

Lakini hoja hiyo ni nyepesi, na darasani kwetu tumeshaizoea kiasi kwamba mtu anaweza kuitoa akiwa amesinzia. Kanga nazo zilichapwa India na Uholanzi na Japani, na sijamsikia mtu akimwambia bibi yangu kwamba kanga si yake. Kitu cha dukani huwa cha hapa kwa njia fulani. Kanga ilikuwa ya hapa kwa kuvaliwa, kupeanwa, kuandikwa maneno. Kisu je? Mimi nilidhani kinakuwa cha hapa kwa kukaa mfukoni mwa babu.

Kabla ya safari nilifanya kosa. Usiku, hosteli, nilikijaribu kwenye nyanya, kikateleza. Kisu kipya hakikati nyanya! Kesho yake akapita fundi wa kunoa mwenye baiskeli, yule anayeiegemeza kwenye stendi na kukanyaga pedeli ili jiwe lizunguke. Nikampa. Cheche ziliruka hadi kwenye viatu vyake. Hakuweka maji. Aliponirudishia, ncha ilikuwa imegeuka buluu, yenye zambarau pembeni, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Niliona pambo limeongezeka. Nikampa 500 na asante juu.

Kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Bungu nilikaa dirishani, kisu kikiwa chini kabisa ya begi, kimeviringishwa kwenye kanga. Sikujiuliza kwa nini nimekificha namna ile. Bungu nikapanda bodaboda ya Nyamisati, na kufika saa tisa nikawakuta mjomba na bibi ukumbini mwa nyumba ya makuti, mwanga wa mto ukicheza ukutani.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jua lote hili?"

Nilimkabidhi baada ya chai. Alikunjua kanga, akakitazama kikiwa kimefungwa, asikifungue. Aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Umepita nacho wapi?"

Nikamtajia: Mkuranga, Jaribu, Bungu. Akaitikia kwa kichwa kila jina.

Anayesoma hapa bila kuwa na ndugu kule pengine hakumbuki, au anakumbuka kama habari ya redio. Kati ya 2015 na 2017 watu wengi waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wengi wao viongozi wa vijiji na vitongoji na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa siku moja. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Watu walilala mapema, na kijana aliyesimamishwa njiani alitakiwa kueleza anakotoka, anakokwenda na alichobeba. Mjomba alikuwa na kisu cha kukunja miaka hiyo, cha mtindo huuhuu, alichokinunua Kilindoni alipokuwa akipeleka kamba Mafia. Jioni moja mashua ilipokaribia gati na akaona watu wenye tochi wamesimama, alikiachia majini. Hakuna aliyemshika wala kumuuliza lolote. Alikiachia tu, na tangu siku ile anafanyia kazi kisu cha jikoni chenye mpini wa plastiki, anachokichomeka wazi kwenye ukingo wa mtumbwi ambako kila mtu anakiona.

"Kisu cha kazi kinakaa nje," aliniambia. "Hiki kinajificha. Kikijificha, mwenye nacho ndiye anayeulizwa."

Huo ulikuwa uhakiki wa kwanza, na ulihusu umbo. Mimi nilikuwa nimeandika daftarini kuhusu pambo, historia, sauti. Sikuwa nimeandika kwamba kukunjika ndiyo maana yenyewe ya kisu hiki, na kwamba maana hiyo hubadilika kulingana na barabara unayopita. Wahakiki wa visu wa Marekani na Ulaya hupima springi inavyobana na bapa linavyokaa katikati ya mpini, halafu hukata karatasi hewani. Nimewatazama wengi. Hakuna ninayemkumbuka akiuliza nani anaruhusiwa kukitia mfukoni.

Bibi, aliyekuwa akisuka ukili bila kunyanyua macho, aliuliza jingine. "Kisu cha mfukoni? Mfuko wa nani?" Akapiga pindo la kanga yake ambamo alikuwa amefunga hela na ugoro. Mjomba akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomfanya hatimaye akifungue.

Alikifungua mara moja na kukifunga mara moja. Halafu akatoka nacho hadi kwenye jua, akageuza makali yamtazame yeye. Aliniita. Makali mazuri hayaonekani, alisema. Ukiona mstari unaong'aa, hapo pana ubapa mdogo unaorudisha mwanga, na ubapa haukati. Changu kiling'aa katika sehemu mbili: karibu na shina, ambako mashine ya kiwandani haikufika vizuri, na sehemu moja katikati, doa dogo kama punje ya mchele. Aliweka makali juu ya ukucha wa dole gumba bila kukandamiza. Sehemu nyingine yaliuma na kubaki, kwenye doa yakateleza.

"Hapa kinajigonga," alisema. Akakifunga polepole, nikasikia tiki ndogo baada ya kra ya mwisho. Makali yalikuwa yakigonga springi ndani ya mpini kila kinapofungwa. Kisu kilikuwa kikijifanya butu kwa kujificha. Natamani ningekuwa nimeibuni sentensi hiyo, lakini ni habari ya chuma tu: wapanzi wa visu vya kukunja huita hiyo kasoro ya kawaida, na dawa yake ni nafasi ya milimita moja. Mjomba alikata kipande chembamba cha raba ya kandambili iliyokwisha, akakisukuma kwa njiti hadi chini ya ufa wa mpini. Tiki ikaisha.

Kisha akafika kwenye ncha. "Nani kakichoma?"

Nikamweleza habari ya baiskeli. Hakunikemea. Alichukua tupa, akaipitisha kidogo katikati ya bapa; ikateleza kwa mlio wa juu. Akaipitisha kwenye buluu. Ikazama, ikatoa unga. Chuma kilichopashwa hadi kugeuka buluu kimepoteza ugumu kiliopewa kiwandani, na makali yake hulala kwa kazi ndogo tu. "Rangi utaitoa kwa msasa," alisema. "Ulaini hautoki." Kwa hiyo alilazimika kuondoa ncha yenyewe. Alikaa nusu saa nzima akitia tupa kutokea mgongoni, akikichovya kwenye bakuli la maji, hadi tupa ilipoanza tena kuteleza. Kisu kilifupika kwa upana wa ukucha. Pambo nililomlipia yule fundi liliishia mchangani, unga wa kijivu.

Kunoa kwenyewe kulianza kwa jiwe, si kwa kisu. Delta ni tope. Unaweza kupita vijito vyake siku nzima, mikoko pande zote, mkandaa na mchu na mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, usikanyage jiwe hata moja. Kila jiwe la kunolea huku limetoka kwingine, na mtu hulitunza kuliko kisu. Kinoo cha mjomba (hadi siku hiyo kwangu Kinoo kilikuwa kituo cha daladala Barabara ya Morogoro) ni la dukani lenye pande mbili, mbavu moja ya chenga kubwa na nyingine laini, na limetumika hadi limebonyea katikati kama tandiko la punda. Jiwe lililobonyea huviringisha makali. Alilipeleka kisimani, akamwaga mchanga na maji juu ya sakafu ya saruji, akalisugua kifudifudi hadi likarudi bapa. Nilimsaidia. Mikono iliniuma siku mbili.

Ndipo akauliza: "Kitakata nini?"

Nikasema, kila kitu. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika "na kadhalika" kwenye mtihani. Kisu cha mkizi kinataka makali membamba. Kisu cha kufungulia madafu kinataka makali manene, la sivyo yanamenyeka. Kisu cha manila, yaani zile kamba za plastiki za kufungia mashua, kinataka makali yenye chenga, yanayouma nyuzi. Ukiyalainisha mno yanateleza juu yake. Akachagua manila na samaki, kwa sababu ndizo kazi za mtumbwini.

Alipanga sarafu mbili za shilingi 200 juu ya jiwe, moja juu ya nyingine, akaegemeza mgongo wa kisu hapo. "Shika hapo. Mkono ukumbuke." Akaondoa sarafu. Baadaye nilipima kwa hesabu ya shule nikapata kama nyuzi 13, lakini yeye hana nyuzi, ana sarafu. Alisukuma bapa mbele kana kwamba anachuna ngozi nyembamba ya jiwe, kutoka shinani hadi nchani, maji yakibadilika rangi. Mara kwa mara alipitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, akisikilizia kijinywele cha chuma kinachojikunja makali yanapokutana. Kikionekana kwa urefu wote, upande huo umekwisha, geuza. Hapo nilielewa kwa nini kisu kipya kiliteleza kwenye nyanya. Mashine ya kiwandani iliacha kijinywele hicho na hakuna aliyekiondoa. Nilikuwa nimegusa kijinywele na kukiita makali.

Akanipa mimi upande wa pili. Nitasema ukweli: niliharibu. Mkono wangu ulinyanyuka kila nilipofika nchani, na nikaviringisha alichokinyoosha. Alirudia, akanirudishia, nikaharibu kidogo zaidi ya awali, kisha kidogo pungufu. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mikoko tulipofika kwenye kipande cha mbao, ambako alivuta makali kinyumenyume mara kumi hivi ili kijinywele kidondoke. Sikumwona akigusa upande laini wa jiwe. Nilimwomba angalau aking'arishe. Akasema king'are kikakate nini.

Majaribio yalichukua muda mfupi kuliko sentensi hizi. Manila ya unene wa kidole ilikatika kwa mivuto miwili. Mkizi alifunguka tumbo bila utumbo kuchanika. Lakini alipomaliza samaki wa tatu, mjomba alikifunga na kukifungua, na ile kra, kra iliyoniuzia kisu ikawa imezibwa: magamba na tope vilikuwa vimejaa kwenye meno. Akakiosha kwa maji baridi, akakikausha, akadondosha mafuta ya nazi kwenye kiungo. Kuku hatamchinjia, alisema. Makali yanafaa, ila damu ikiingia kwenye kiungo hutaitoa, na kesho itanuka kwenye muhogo. Bapa nalo lilikuwa limeanza kushika weusi. Ni chuma kinachoshika kutu, si kile kisichoshika, na katika hewa ya chumvi kitahitaji mafuta kila jioni. Mjomba haoni kuwa hiyo ni kasoro. Chuma kisichoshika kutu, anasema, ndicho kinachomchosha kwenye jiwe.

Hukumu yangu, basi, kama mhakiki aliyelipa mwenyewe. Chuma ni kizuri kuliko bei yake. Springi ni ngumu na pete inashika. Umaliziaji ni mbaya: makali hayakulingana pande mbili, kijinywele hakikuondolewa, na kiungo kiliachwa kijigonge. Pambo ni pambo. Atakayekinunua ajue kwamba amenunua nusu, na nusu ya pili ni mchana mmoja wa mtu mwenye kinoo. Kama hana mtu huyo, bora kisu cha jikoni. Na ile "asili", nikilazimika kuiweka mahali, nitaiweka kwenye zile sarafu mbili. Hakuna kiwanda kilichompa mjomba kipimo hicho. Alikipata kwa baba yake, enzi sarafu zilikuwa nyingine na huenda pembe ilikuwa nyingine kidogo, na mimi nimekipata nusunusu, kwa mkono unaonyanyuka nchani.

Asubuhi ya kuondoka mjomba aliniletea kisu mkononi, kimefungwa. Alishukuru kwa urefu, kwa adabu, kama mtu anayekataa. Kimenoleka vizuri, alisema. Lakini hatatembea nacho. "Hata sasa, mjomba? Ni miaka mingi." Akasema anajua ni miaka mingi. Sikuendelea, kwa sababu nilikumbuka kanga chini ya begi langu na namna nilivyokaa dirishani pale Jaribu, mikono juu ya zipu.

Bibi ndiye aliyenyosha mkono. Alitaka kujaribu kupasulia ukindu. Kisu cha manila hakipasui ukindu vizuri, na alisema hivyo, kwa sauti, huku akikipasulia. Kisha akalalamika kuhusu pete, kwamba inamchosha kidole. Nilipokwenda kumuaga alikuwa amekwisha kuitatua shida hiyo: kisu kilikuwa kimechomekwa kwenye makuti juu ya kichwa chake, kimefunguka chote, mwezi na nyota vikitazama uani, na kwa ule weusi ulioanza kwenye kiungo sidhani kama kitakunjika tena.